Jina Nililoliinamia

Jina la baba mkwe wangu lilitoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo, likapita juu ya maelfu ya watu waliolowa maji ya chumvi, nami nikafanya kile ninachokifanya kila linapotajwa mbele yangu: nikainamisha macho, nikasogea pembeni, nikaliacha lipite kama mtu anavyompisha mkubwa njiani. Kisha nikaendelea kumtafuta mwanangu.

Hiyo ilikuwa Durban, siku ya mwaka mpya. Puseletso alikuwa na miaka saba, na nilikuwa nimemshika mkono kwa nguvu hadi akalalamika kwamba vidole vimekufa ganzi. Mdogo wake, aliyepotea, alikuwa na minne. Bahari ilikuja na kurudi, ikaja na kurudi, ikifuta nyayo za watoto wa watu kama mtu anayefagia ushahidi.

Kwetu Qwaqwa, kwa Wasotho wa milimani, mwanamke akiolewa hupewa jina moja na kunyang'anywa jingine. Jina nililopewa ni MmaPuseletso, mama yake Puseletso, kabla hata mimba ya Puseletso mwenyewe haijatungwa. Nililonyang'anywa ni la baba mkwe. Hakuna aliyenikalisha chini kunikataza kulitamka. Unaingia tu katika ule ukoo, unawaona wanawake waliokutangulia wanavyolizunguka jina lile kama watu wanavyozunguka shimo gizani, na wewe unalizunguka. Mwaka wa kwanza unajikumbusha. Mwaka wa tatu ulimi umeshajua njia.

Basi mwanangu wa kiume alipozaliwa, akapewa jina la babu yake, kama inavyompasa mtoto wa kwanza wa kiume. Nilipiga vigelegele pamoja na wenzangu. Wageni walipoondoka nikabaki nimempakata, namtazama, mtoto niliyemzaa mwenyewe na nisiyeweza kumwita.

Nikamwita Ntate. Ndivyo tunavyomwita mwanamume yeyote tunayemheshimu: baba, mzee, bwana. Kwa hiyo kulikuwa na Ntate mmoja nyumbani kwetu aliyevaa nepi. "Ntate, nyonya." "Ntate, toa hilo jiwe mdomoni." Mume wangu, ambaye yuko mgodini Rustenburg na humjua zaidi mwanawe kwa simu, alikuwa akinisikia anacheka hadi anakohoa.

Alipoanza chekechea alirudi siku moja akiwa amekunja uso. "Mwalimu ananiita jina la babu. Akiniita nasema nipo."

"Vizuri. Ni lako pia."

"Mbona wewe huniiti hilo?"

"Mimi nakuita Ntate. Hupendi kuwa Ntate?"

Alifikiri kidogo, akakubali. Wakati ule alikuwa akikubali kila ninachomwambia.

*

Safari ile ilitokana na kukosekana kwa misiba. Chama chetu cha kuzikana kilifika Desemba kikiwa na akiba, na mweka hazina wetu alikuwa MmaDikeledi, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Alisimama kwenye mkutano akasema, "Marehemu wametuonea huruma mwaka huu. Twendeni tukaoge baharini kabla hawajabadili mawazo."

Basi likakodiwa. Mtoto aliye chini ya miaka sita alisafiri bure, mradi apakatwe. Puseletso akashushwa umri palepale mlangoni mwa basi.

"Akiulizwa, ana mitano," MmaDikeledi alininong'oneza, mnong'ono uliosikika hadi kwa dereva. "Na afunge mdomo. Hilo pengo la meno ya mbele litatuumbua."

Puseletso akafunga mdomo. Alifunga mdomo tuliposhuka milima, alifunga mdomo akiwa amelala, alfajiri tulipoona bahari kwa mara ya kwanza na basi zima likapiga kelele, yeye aliishika midomo yake kwa vidole viwili. Nilicheka. Sasa nikikumbuka sicheki.

Tulikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko: mikate ya mvuke, mayai ya kuchemsha, miguu ya kuku, na chupa ya kinywaji cha tangawizi. Tulitandika blanketi mchangani karibu na familia moja yenye mwavuli na viti vya kukunja. Mama wa familia ile aliitazama ndoo yetu, akatazama fulana yangu yenye picha ya mjomba wangu na tarehe ya mazishi yake, kisha akatazama kando kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyoniuma.

"Mtu akikukodolea ukila," MmaDikeledi akasema kwa sauti kubwa, "mpe mguu wa kuku wenye kucha. Atageuka mwenyewe."

Watoto waliomba kila kitu walichokiona, na mimi nikawa na jibu kwa kila kitu. Aiskrimu? Ile ni ya watu wenye homa. Viti vya kukunja? Vya watu wenye mgongo. Halafu ikapita riksho, kile kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mzee aliyevaa kofia kubwa ya shanga na pembe za ng'ombe, njuga zinalia miguuni, anaruka juu na abiria wake wanapiga mayowe ya furaha. Ntate alisahau kutafuna yai.

"Mama, na sisi."

"Ile ni ya watu wenye miguu mibovu, baba."

Aliinyoosha miguu yake mbele, akaitazama kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine. "Yangu mizima," akasema kwa huzuni.

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeujaza mji ule wote wagonjwa.

*

Lakini nimeruka jambo, na nimeliruka kwa sababu ningependa kuliruka.

Kabla hatujakanyaga mchanga kulikuwa na ngazi, na kwenye ngazi vijana waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa. Walikuwa wakiwafunga watoto bangili za karatasi mkononi: jina la mtoto, namba ya simu ya mzazi. Watoto hupotea wengi sana siku kama ile. Foleni ilikuwa ndefu, jua limeshaanza kuchoma, na nyuma yangu alisimama MmaDikeledi, kidevu chake karibu kabisa na bega langu.

"Jina?" kijana akauliza.

"Puseletso."

Akaandika, akafunga. "Na huyu jamaa?"

"Ntate."

Kijana akainua kichwa. Alikuwa Mzulu wa mjini, miwani ya jua, njiti ya kiberiti inacheza mdomoni. "Ntate nani? Nimeuliza mtoto, mama, sikuuliza mchungaji wenu."

Watu wakacheka. Nikahisi masikio yanawaka. Nyuma yangu MmaDikeledi alikuwa amenyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Yeye naye ameolewa katika nyumba ile ile. Jina lile ni shimo lake pia. Nikafikiri: nikilitamka hapa, mbele yake, jioni ya kesho kila jiko la ukoo wetu litajua kwamba MmaPuseletso alifika mjini na heshima yake ikaishia kwenye ngazi.

"Huyu mtoto umemwokota kwenye basi?" kijana akaendelea, sasa anaifurahia hadhira yake.

"Hahitaji," nikasema. "Huyu atanishika sketi."

"Shauri yako, mama. Anayefuata!"

Ningeweza kuomba kalamu. Kuandika hakukatazwi, jina lile nimeliandika kwenye kadi yake ya kliniki, na kwenye kila daftari lake tangu wakati huo. Mwaka ule nilikuwa nasoma shule ya jioni, siku nne kwa wiki nilikuwa nimekaa kwenye dawati naandika insha, na mwalimu alikuwa amenisifu mbele ya watu kwamba nina mkono mzuri. Kalamu ilikuwa pale, nusu hatua kutoka kwangu, kwenye vidole vya kijana yule. Haikunijia akilini. Aibu ilinifanya nisahau kwamba naweza kuandika.

Hapa siliandiki kwa sababu nyingine. Najua siku moja nitaombwa kuisoma hadithi hii kwa sauti.

*

Mama mkwe alikuwa ameniagiza maji ya bahari, kama wanavyoagizwa wote wanaoshuka kutoka milimani: kijiko kimoja asubuhi kusafisha tumbo, mengine ya kunyunyiza mlangoni. Alinipa chupa mbili kubwa na masharti. "Usinichotee ya ukingoni. Ya ukingoni yameoshea miguu watu wote wa Johannesburg. Ingia ndani."

Nikamkabidhi Ntate kwa dada yake. "Mshike. Usimwachie." Nikaingia hadi kiunoni, sketi inaelea kama ua. Chupa ya kwanza ilijaa. Ya pili ilikuwa inabugia maji ndipo wimbi likanijia juu ya kichwa, nikanywa chumvi, nikainuka nikikohoa na kucheka, chupa zote mbili mkononi. Niliona fahari. Nilifikiri, mama mkwe ataona maji ya ndani kweli.

Nilipogeuka, Puseletso alikuwa ameingia majini hadi magotini, mikono yote miwili ameninyooshea.

Yote miwili.

"Nilidhani umezama," alisema. "Nikamwachia."

Sijui kama nilimpiga kofi. Nimeshajiuliza. Yeye anasema sikumpiga, lakini Puseletso ni mtoto wa kusema hivyo ili kunilinda. Ninachokumbuka ni chupa zimelala mchangani, na mimi nakimbia kando ya maji nikiita, "Ntate! Ntate!" na wanaume wazima wa Kisotho, walionyoa ndevu na wasionyoa, wakigeuka mmoja baada ya mwingine kuuliza, "Ndiyo, mama?"

Ufukwe mzima ulikuwa umejaa baba. Mwanangu hakuwa na jina ninaloweza kulipigia kelele.

MmaDikeledi alikimbia upande wa pili, na sauti yake ilinifikia kutoka mbali, naye akiita vile vile, "Ntate! We, Ntate mdogo!" Nilitazama kila kitu cheusi kilichoelea. Kilikuwa mwani. Kilikuwa kiatu. Kilikuwa kichwa cha mtoto wa mtu mwingine, akacheka, akazama tena.

Hapo ndipo kipaza sauti kilipolia mara ya kwanza, nami nikainama.

Nataka hili lieleweke. Jina lile likitajwa, masikio yangu hujifunga kidogo, kama jicho linavyojifunga mbele ya vumbi. Yaliyofuata jina, fulana ya njano, miaka minne, hema lililo karibu na mnara wa waokoaji, yote yalipita. Nilisikia kwamba kuna mtu, huku mbali na nyumbani, ana ujasiri wa kumtaja baba mkwe wangu hadharani. Nikampisha. Nikapiga hatua nyingi tu baada ya hapo, zote za kwenda upande usio sahihi.

Kikalia tena. Puseletso akanivuta mkono.

"Mama."

"Tafuta ndugu yako."

"Mama, wanamwita Ntate."

"Nani?"

Aliufungua mdomo wake, pengo na yote. "Hata ile mara ya kwanza walimwita. Nikadhani umesikia. Si uliinama?"

*

Hemani kulikuwa na meza, na nyuma ya meza msichana mwenye nywele za kusuka hadi kiunoni, na nyuma yake pazia la turubai. Nyuma ya pazia watoto walikuwa wakilia kwa lugha zote. Nilijaribu kupita. Msichana akanyoosha mkono.

"Pole, mama. Pumua kwanza. Hapa kila mtu anasema wangu, wangu. Mimi simtoi mtoto wa mtu bila kuniambia jina. Anaitwa nani?"

"Ana fulana ya njano. Ana kovu kwenye goti, aliangukia kopo."

"Fulana nimeshaitangaza mimi mwenyewe, kila mtu kaisikia. Jina."

"Kwetu tunamwita Ntate."

"Yeye katuambia jingine." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na alikuwa anafanya kazi yake vizuri, na nilimpenda kwa hilo hata wakati ule nilipotaka kuipindua meza yake. "Mama, wewe ni mama yake au ni jirani?"

Nyuma yangu watu wa foleni walianza kunung'unika. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani, asiyejua jina la mwanawe huyo!" na mwingine, "Ndio hao wanaokuja na mabasi." MmaDikeledi alikuwa amefika, anahema, chupa za mama mkwe amezibana kwapani moja huku na moja huku. Alizikumbuka, hata katika hali ile. Tukatazamana. Nilitazama mdomo wake mkubwa, ule mdomo uliokuwa tayari kubeba habari yoyote hadi Qwaqwa bila kumwagika hata tone.

Akanigeuzia mgongo.

"Puseletso!" akapaaza sauti. "Njoo hapa uone wimbi hili lisilo na akili, linavyokuja kichwa mbele!" Akamburuta mtoto hadi nje ya hema, akasimama ametazama bahari, na akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa kanisani, ule wa mazishi, wa nne kwenye kitabu chetu, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na bila sauti hata moja kukaa mahali pake. Watu wa foleni wakageuka kumshangaa.

Ndani ya kelele ile nikalitamka.

Mara ya kwanza lilitoka kama kikohozi. Msichana akategesha sikio. Mara ya pili lilitoka lote, na jina la ukoo nyuma yake, na sauti yangu ilikuwa ngeni kwangu, kama sauti unayoisikia umerekodiwa kwenye simu.

Na nyuma ya pazia, kwa utiifu, kwa kile kisauti cha chekechea, mtu akaitika:

"Nipo!"

Alitoka akichechemea. Mguu wa kulia alikuwa anauburuta kama mzee. Msichana akaniambia kwamba ameletwa na mzee wa riksho. Mtoto alimfuata, akamshika njuga, akamwambia kwamba mguu wake umeharibika, na mzee akampakia, akamrusha juu mara mbili tatu kama abiria wengine, kisha alipoona hakuna mama nyuma yake akamleta hapa.

Ntate aliniona. Mguu ukapona palepale. Alinikumbatia mapajani, akanusa sketi yangu yenye chumvi, kisha akachungulia nyuma yangu, kushoto na kulia, akitafuta.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Mwalimu gani, baba?"

"Aliyeniita."

"Ni mimi niliyekuita."

Alinitazama mdomoni. Alinitazama mdomoni vile alivyokuwa ameitazama miguu yake asubuhi, kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha.

*

Ndani ya basi, tukipanda milima, nilisogea hadi kiti cha MmaDikeledi. Watoto walikuwa wamelala juu ya blanketi lenye mchanga.

"Dada," nikasema. "Nyumbani utasema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu pale hemani."

"Mimi nitajua ya hemani?" Alikuwa anamenya yai, hakuniangalia. "Mimi nilikuwa naimba."

"Uliimba vibaya sana, dada."

"Ndivyo nilivyokusudia, mshenzi wee. Kula yai."

Na hakusema, hadi leo. Mama mkwe alionja maji yake, akafumba macho, akasema, "Haya ni ya ndani kweli," akanisifu kwa wageni wiki nzima. Baba mkwe alimweka mjukuu wake gotini, akasimuliwa habari za mzee mwenye pembe, akaonyeshwa mguu ulivyoharibika. Alicheka hadi akafuta machozi. Kila mtu alinitazama kwa wema. Nilipita katikati ya wema ule na sinia la chai, macho chini, kama inavyotakiwa, na nilifurahi kwamba kuna desturi ya kutazama chini.

Kuhusu lile jina nililolitamka, moyo wangu haukunisuta sana. Ningelitamka tena mara mia. Kinachonirudia ni hatua zile kabla ya hapo: mwanangu anaitwa, mji mzima unasikia, na mama yake anainamisha kichwa na kupita. Aliyeliona hilo ni Puseletso peke yake. Sasa ana miaka kumi, anajua kunyamaza vizuri kuliko nilivyomfundisha. Mara nyingine tukiwa tunaosha vyombo hunitazama tu, kisha hunipokea sufuria nzito.

Mimi nilimaliza shule ya jioni. Ntate yuko darasa la pili, na meno yake ya mbele yameng'oka. Asubuhi namsindikiza shule. Katika ua wa nyumba yetu yeye ni Ntate, na kwenye kisima ni Ntate, na mbele ya duka, ambapo wanawake wa ukoo hukaa juani, nasema, "Ntate, funga kamba za viatu." Halafu nyumba zinaisha na kuna daraja la zege, na chini yake mto mdogo wenye kelele ya kutosha.

Pale huwa anatangulia mbele makusudi, anasimama amenipa mgongo, begi karibu na visigino, anasubiri.

Namwita.

"Nipo," anaitika, hewa ikimpenya kwenye pengo, kisha anaruka hadi ng'ambo.